Kiwiko cha Sisahau

Asubuhi ya uchaguzi mume wangu alivaa vizuri, akafunga tai vizuri, halafu akaniuliza tunaenda msiba wa nani.

"Hatuendi msibani, baba. Leo unagombea uenyekiti wa chama mkoa."

"Najua," akasema kwa hasira kidogo. "Nilikuwa nakutania."

Hakuwa akinitania. Roho yangu ilikaa juu juu kuanzia hapo.

Watu wanamwita Sisahau. Jina hilo alilipata alipokuwa diwani mpya, kwa sababu hakumpa mtu mkono bila kumuuliza jambo lake: mguu wa mama umepona? Kijana amefaulu? Wenzake walihutubia mpaka sauti zikawakauka. Yeye aliuliza hali za watu, akashinda. Kisha kikaja kile kiwanja cha soko. Wakubwa wa chama walitaka kumpa tajiri mmoja ajenge maghala, na Sisahau akasimama kikaoni akawakumbusha, neno kwa neno, walivyowaahidi akina mama wanaouza mboga pale. Maghala yakafa siku hiyo hiyo. Tangu hapo katibu wa mkoa akimwona anakunja uso kama amenusa kitu kibovu.

Mwaka jana kumbukumbu zikaanza kumtoka. Mimi ni fundi cherehani, na habari za mji mzima hupita mezani kwangu pamoja na vitambaa. Basi tukabuni njia yetu. Nasimama nyuma yake kidogo, mkono kwenye kiwiko chake, kama mke anayempenda mumewe. Na nampenda kweli, mtu asiniletee maneno. Nikimfinya, huyo amefiwa: toa pole. Nikimsugua kwa kidole gumba, ana jambo la furaha: toa hongera. Nikimvuta koti, usiulize kitu, pita. Hakuna aliyegundua. Nilimsihi aache siasa, aondoke na jina lake zuri. "Uenyekiti huu tu, mke wangu," akaniomba, "halafu tupumzike." Mtu anapoteza kila kitu, utamnyima hilo moja? Mimi nilishindwa.

Ukumbini, kabla hatujafika hata kwenye viti vya mbele, katibu akashika kipaza sauti. "Wasio wajumbe, nyuma ya kamba tafadhali. Na wake za wagombea pia. Shemeji zangu, mnisamehe."

Nilimtukana kimoyomoyo tusi ambalo sitaliandika. Mume wangu akaenda peke yake kuwasalimia wajumbe, na kiwiko amekiacha nje kidogo, kinanisubiri.

Akaanza na mwalimu mkuu. "Mwalimu, shule inaendaje?" Vizuri. Akamfikia mama wa duka la dawa, akacheka naye. Vizuri pia. Nikaanza kupumua. Kisha akamfikia mwenye bucha. Baba yake mwenye bucha tulimzika juzijuzi tu, na Sisahau mwenyewe ndiye aliyezungumza makaburini mpaka watu wakalia. Nikaifinya kamba. Kamba itamwambia nini?

"Ah, bwana bucha! Mzee hajambo?"

Mstari mzima ukamgeukia. Mwenye bucha alimtazama, akamshika mkono vizuri.

"Hajambo, mheshimiwa," akasema. "Anakusalimia."

"Mwambie nitapita nimwone."

"Nitamwambia."

Katibu alikuwa amesimama karibu nao. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu ulivyoing'ang'ania ile kamba. Halafu akaanza kupita katikati ya viti, akiinamia sikio la huyu na la yule.

Amekwisha, nikajiambia. Leo mji mzima utamcheka. Nikaanza kutafuta mlango wa nyuma wa kumtolea. Na niseme kweli: ndani ya hofu ile nilipata nafuu kidogo. Atashindwa, atalia, nitampeleka nyumbani, basi.

Kura zikahesabiwa. Katibu akasoma matokeo mwenyewe, huku meno yote nje: Sisahau ameshinda, tena hakuna hata mmoja aliyemkaribia. Ukumbi ukalipuka. Watu waliomnunia tangu siku ya kiwanja walikuwa wanambeba juu juu. Mwenye bucha hakupiga makofi. Alinitazama kwa mbali kama mtu anayetaka kunipa pole, na mimi sikuelewa pole ya nini wakati tumeshinda.

Nilipenya hadi mlangoni, walikomshusha. Katibu alikuwa tayari ubavuni mwa mume wangu, amemshika kiwiko.

"Hongera, shemeji! Umehangaika sana peke yako. Sasa pumzika. Mzee tutamshika sisi."

"Nani kakwambia mume wangu anahitaji kushikwa?"

Akanigeuzia mgongo. Akamwinamia sikioni, wala hakujali kwamba nasikia. "Mwenyekiti, lile jambo la kiwanja cha soko. Tajiri bado anasubiri. Tulimalize wiki hii?"

Mume wangu akakunja uso. Niliona anatafuta, anatafuta sana, jambo lilikuwa karibu kabisa kumrudia. Nikanyoosha mkono nimvute koti, watu wakanisukuma, vidole vyangu vikaishia hewani. Katibu alikuwa anamsugua kiwiko polepole kwa kidole gumba, kama mtu anavyombembeleza mzee.

Uso wa mume wangu ukakunjuka. Akaushika mkono wa katibu kwa mikono yake miwili.

"Hongera," akamwambia kwa furaha. "Hongera sana. Limalizeni."