Una Hakika Unataka Kufuta Yote

...halafu wanasema intaneti nzito, intaneti imekufa, intaneti ya nyumba hii imelogwa, wakati ni wao wenyewe walioijazia takataka mpaka inahema, anawaza, kidole kikiwa juu ya kipanya na macho kwenye kile kidirisha kidogo kilichojitokeza katikati ya kioo kumuuliza kama kinavyomuuliza kila Jumamosi, Una hakika unataka kufuta historia yote?, na vitufe viwili chini yake, Futa na Ghairi, bila shaka ana hakika, nani mwingine katika nyumba hii mwenye hakika na jambo lolote, mdogo wake anafungua kurasa na kuziacha wazi kama mtu anayetoka chumbani bila kuzima taa, mama naye alikuwa anaandika maneno ya siri nyuma ya risiti za dukani kisha anazitupa risiti, mpaka yeye aliporudi likizo kutoka chuoni akawaweka wote chini ya akaunti moja, kompyuta ya sebuleni na simu ya mama zikawa kama pacha, ukiandika huku kunajua kule, ukifuta huku kumefutika kule, kurasa za muhimu zimebandikwa juu, umeme, maji, hospitali, maandishi yamekuzwa, na kwa kuwa macho ya mama yamechoka akamwashia ile sauti ya kike inayosoma kila kitu mama anachokigusa kwenye simu, sauti bapa, haipumui, haimezi mate, mdogo wake akaibatiza shangazi, muulize shangazi, shangazi kasema mvua itanyesha, wakacheka wote, ni mambo madogo tu, mazoea tu, ukiyashika maisha yanakuwa mepesi, lakini watu hawataki kushika, wanataka kulalamika...

"Wee mwanangu," mama anaita kutoka jikoni, maji yakimwagika kwenye sinki, "hebu nitazamie hapo, sufuria ikiungua chini inasafishwaje," na yeye anajibu "Sawa mama" bila kugeuza shingo, anakiacha kidirisha kilivyo, anafungua ukurasa mwingine pembeni, anagusa herufi ya kwanza kwenye kisanduku cha kutafutia, s, na kisanduku kinamalizia chenyewe, sufuria ndogo zinakaa kabati la chini kushoto, anakunja uso, huo ni utafutaji gani, nani anaiuliza dunia nzima sufuria zake zinakaa wapi, na tena si swali, hakuna jinsi ya, hakuna wapi, ni kauli, imesimama pale kama mtu anayejisemea, zinakaa kabati la chini kushoto, na kweli ndipo zinapokaa, zimekaa hapo tangu yeye anatambaa... mdogo wake huyo, utani wake wa kijinga, anafuta herufi, kidole kinagusa nyingine bila kutumwa, j, jiko lizimwe kabla ya kutoka, na chini yake, Jumamosi binti anakuwa nyumbani, na leo ni Jumamosi, na yeye yuko nyumbani, na kwa kitambo anahisi kama kuna mtu nyuma ya kiti anayesoma pamoja naye, anageuka, hakuna mtu, kochi, pazia, televisheni iliyozimwa, na juu ya televisheni kile cheti chake cha mdahalo, Msemaji Bora, kioo chake kinang'aa kuliko kitu chochote sebuleni kwa sababu mama hachoki kukifuta... kisanduku hakijui utani, kisanduku kinarudisha ulichokipa, yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, mama ameishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la moto, "Mama, usikariri tena, andika mara moja tu kwenye hiki kisanduku, siku nyingine ukigusa herufi ya kwanza chenyewe kinakumalizia," mama akamtazama, akamtazama sana, akauliza, "Hata nikisahau?" na yeye akacheka, jamani alicheka, "Hasa ukisahau, ndiyo kazi yake hiyo," na mama hakucheka, akaitazama simu, akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni kizuri..." alidhani mama anazungumzia maneno ya siri, mtu mwingine angedhani nini, na ilikuwa hoja ile ile iliyompa ushindi, kichwa cha mtu si ghala, ndugu mwenyekiti, kichwa ni karakana, tuziachie mashine kazi ya kushika ili sisi tubaki na kazi ya kufikiri, ukumbi ukalipuka kwa makofi, upande wa pili akasimama kijana mmoja mpole akauliza, na je, kile kinachofikiri kinafikiri kwa kutumia nini kama hakikushika kitu, naye akamkata katikati, akamrarua, watu wakaangua kicheko, na sasa hakumbuki kama alimjibu...

"Chumvi ilikuwa inafaa," mama anajisemea kule, "au siki, mojawapo," na sahani zinagongana, mlio wa kawaida, jiko la kawaida, mwanamke anaosha vyombo adhuhuri, na kidole kinakwenda kwenye m, hataki, kinakwenda, na kisanduku kinasema, mume wangu alishafariki usiwaulize watoto tena... tena... anairudia hiyo tena mpaka inapoteza maana na kuirudisha ikiwa mbaya zaidi, kwa sababu Jumapili iliyopita, kwenye chakula cha mchana, mama alipakua akainua kichwa akasema kama mtu anayeuliza saa, "Baba yenu hajarudi mpaka saa hizi?" na baba ana miaka kaburini, kijiko cha mdogo wake kikaanguka, mama akawatazama nyuso, huyu, kisha huyu, akasema, "Natania, mnashangaa nini, mtu hataniwi akiwa amekufa?" nao wakashusha pumzi, mama na maneno yake, wakala, wakacheka, na kumbe baadaye, peke yake, chumbani au chooni au wapi, aliishika simu kwa mikono miwili akajiandikia, usiwaulize watoto tena, akaiachia mashine imshikie kifo cha mumewe, na kila alipoigusa herufi ile, shangazi kwa sauti yake isiyomeza mate alikuwa anamfisha baba upya, na yeye mama anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anarudi kuendelea kumenya viazi... imebaki herufi moja, anaijua, si lazima, anaweza kufunga yote akaenda jikoni na jibu la sufuria, chumvi mama, uliweza mwenyewe, anagusa b, na hapo ndipo anapojiona, binti mkubwa anaitwa, na mbele yake majina yake mawili, kwa herufi kubwa tupu, kama yalivyo kwenye cheti, hakuna mtu wa nyumba hii anayemwita majina mawili, nyumba hii ina jina lake la utoto, fupi, la kitandani na la kupigiwa kelele dirishani, na hilo, anajaribu kukumbuka, hilo mama amelitamka lini mara ya mwisho... ni wee mwanangu, ni wee mama, ni njoo hapa kipenzi, maneno matamu ya kumwita mtoto yeyote, au basi, tangu Jumapili, ni yale majina mawili kwa pamoja, bapa, mkazo umekaa pasipo mahali pake, kama karani wa hospitali anavyowaita wagonjwa kutoka kwenye mafaili, na yeye akajibu kwa mbwembwe, "Nipo, mheshimiwa," alidhani anachezewa, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia, baada ya kufagia kompyuta, Futa, ana hakika, baada tu ya kufagia, alitoka kwenda dukani na aliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni, akajipangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Karibu dada, karibu uketi, umekuja na nani?" kwa adabu zote za mgeni, na yeye na mdogo wake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mama akacheka pia, sasa anaiona, akacheka akiwa amechelewa kidogo, akiitazama midomo yao ili ajue pa kuishia, na alfajiri ya kesho yake alimkuta mama na kitambaa mbele ya cheti, hafuti, kitambaa kimesimama, midomo ndiyo inakwenda, simu iko mkono wa pili, na yeye akajiambia, tazama mama anavyojivunia...

Basi nani wa kulaumiwa, alaumiwe mtu, anatafuta upande wa pili, amezoea kuwe na meza ya upande wa pili, pale akae mtu aliyekosea, mdogo wake asiyeona kitu, watengenezaji wa visanduku vinavyomalizia maneno ya watu, yule kijana mpole mwenye swali lake, lakini meza ni tupu, kuna kiti kimoja tu na amekikalia yeye, mama alimuuliza, hata nikisahau, alimuuliza waziwazi, alikuwa anamwambia, na yeye akampa zana... anarudi kwenye ukurasa wa kwanza na kidirisha bado kipo, hakijachoka, Una hakika unataka kufuta historia yote?, kidole kimerudi pale pale juu ya kipanya, Futa, na huko jikoni mwanamke atabaki na sufuria asizojua mahali pake na mume anayechelewa kurudi na msichana mgeni sebuleni anayejifanya mwenyeji, Ghairi, na wataendelea hivi, yeye, mama na shangazi, kila mmoja akimfichia mwenzake, mpaka siku herufi ya kwanza nayo itakapopotea, kwa maana ni lazima ukumbuke unaanza na b, hilo hakumwambia, hilo hakulifikiria, na kitufe cha hospitali kiko pale juu, alikibandika kwa ajili ya homa, na kukigusa ni kwenda jikoni kwanza, ni kusema, mama, nimeona, na mama atamtazama usoni na kutafuta pa kucheka... maji yanafungwa kule, ghafla nyumba nzima inanyamaza, anasikia kitambaa kikipangusa vidole, anasikia ukucha ukigonga kioo, mara moja, kisha ile sauti, imepunguzwa, inanong'ona kama mtu anayempenyezea mwenzake jibu kwenye mtihani, binti mkubwa anaitwa, na majina yake mawili, pumzi moja ndefu, hiyo ni ya mama, shangazi hana pumzi, kisha mama anaita, majina yote mawili, mkazo ule ule pasipo mahali pake, "Umeipata?"

"Abee," anaitika, hajui kati yao wawili amemwitikia nani, na kidole hakijasogea, na kwenye kioo kidirisha bado kinangoja, na kwa mara ya kwanza analisoma lile swali kama swali.