Mkutano wa Nusu Saa

Wazazi walitaka shule ifunguliwe, na walitaka iwe jana. Kila asubuhi simu ya mwalimu mkuu ilileta maneno yale yale: watoto wametushinda nyumbani, mtihani unakaribia, walimu wamelala tu. Naye, mama wa watu, kilichomnyima raha ni Kipeuo.

Kipeuo ndilo jina ambalo wanafunzi walimpa mwalimu wa hesabu. Sukari ilikuwa imemsumbua miaka kumi, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba gonjwa hili jipya lililofunga shule likimpata, halitamwacha. Mwalimu mkuu aliapa kutomrudisha darasani ng'o.

Basi wazazi wakaitisha mkutano. Mwenyekiti wa kamati yao akashikilia walimu wote wawepo, hasa yule wa hesabu, "maana tumesikia wala haumwi."

Mwalimu mkuu akampigia. "Njoo tu wakuone, mwalimu wangu. Nusu saa, kisha urudi zako."

"Kwani mimi sinema?" Kipeuo akacheka. "Haya, mkuu, nitakuja."

Mvua ikaharibu mambo. Viti vilivyopangwa uwanjani vikahamishiwa chumba cha walimu, watu sitini mahali pa ishirini, na madirisha yakafungwa ili madaftari yasilowe. Naam, madaftari! Mwenyekiti alivaa barakoa kidevuni, kana kwamba kidevu ndicho kinachopumua, akapayuka saa mbili nzima. Kipeuo alibanwa kati ya kabati na mama mmoja aliyekuwa akikohoa na kuomba radhi. Mwalimu mkuu alimwona Kipeuo pale. Angeweza kumwambia aondoke, ila aliogopa wazazi wangesema anawaficha watu wake. Akanyamaza.

Mwishowe kikohozi kile kikawatia wazazi woga, mikono ikainuliwa, shule ikabaki imefungwa. Mwalimu mkuu alitoka pale kifua mbele.

Wiki tatu baadaye alisimama mlangoni kwa mjane wa Kipeuo, hatua kadhaa nyuma, hajui mikono aiweke wapi. Ndani kulikuwa kimya, maana waombolezaji walikatazwa kuja.

"Alirudi amechoka, akalala," mjane akasema. "Kisha homa ikampanda, hata sikupata kumuuliza. Mkutano wenyewe ulikuwa wa nini, mwalimu?"



"Wa kuamua kama ni salama kuwakusanya watu chumba kimoja, dada."

"Na mkaamuaje?"

"Tukaamua si salama."