Mama Asiambiwe

Ilianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mambo mengi ya kuumiza. Marcelina alianguka jikoni siku alipopigiwa simu kwamba kaka yake Bernado amefariki. Akakimbizwa hospitali Musoma mjini, akapimwa, akaambiwa ana presha. Daktari akampa vidonge, akamkataza chumvi, kisha akamwambia yale maneno ambayo kila mwenye presha nchi hii ameshaambiwa: "Mama, punguza mawazo."

Kana kwamba mawazo yanauzwa kwa kilo, mtu aseme leo nipunguzie nusu. Marcelina angemjibu hivyo kama angekuwa na nguvu. Lakini mwanawe Stanslaus, ambaye ni mwalimu na hupenda maagizo yaliyonyooka, aliyachukua maneno yale mazima mazima. Walipofika nyumbani Bweri aliita kikao, mama mwenyewe akiwa amelala chumba cha pili, akatangaza kwamba kuanzia siku ile Mama asiambiwe habari yoyote ya kushtua. Ugonjwa, ajali, msiba, ugomvi, hata ng'ombe wa jirani akiibwa. Asiambiwe.

Marcelina aliyasikia yote kupitia dirisha, akafurahi. Kumbe anapendwa kiasi hicho. Alilala usingizi mzuri usiku ule.

Furaha yenyewe haikudumu. Chakula kilikuja bila chumvi, na maneno nayo yakawa yanakuja bila chumvi. Jenipher, mkwe wake, mtu mwema asiyejua kuficha uso, alikuwa akizima redio kila yalipoanza matangazo ya vifo, wakati hicho ndicho kipindi ambacho Marcelina hakuwahi kukikosa. Watu waliokuwa wakizungumza sebuleni walinyamaza akiingia, wakaanza kusifia chai. Jeska, muuza dagaa, ambaye zamani alikuwa akimaliza habari za kata nzima kabla hajashusha beseni kichwani, naye alipewa onyo.

"Habari za huko, Jeska?"

"Nzuri tu, mama."

"Yule mgonjwa wenu?"

"Mzima."

"Na yule binti aliyekimbia kwa mumewe?"

"Mvua itanyesha leo, mama," Jeska akasema, akajitwisha beseni lake akaondoka.

Ukimsikiliza Jeska miezi ile, hakuna mtu Musoma nzima aliyeumwa, aliyegombana wala aliyekufa. Watu wote walikuwa wazima na Marcelina peke yake ndiye mgonjwa. Akawa anakaa kibarazani na mikono yake miwili, hana wa kumpa pole, hana wa kuombea, hana hata wa kusengenya. Usidhani ni jambo dogo. Mtu mzima asiyepewa habari mbaya ameshaanza kuhesabiwa nje ya watu.

Kilichomuuma zaidi ni Nyamburi. Huyo ndiye dada yake mkubwa, mjane kama yeye, aliyekuwa akikaa Kabasa kule Bunda na binti yake Matrida. Kila Jumapili baada ya misa walikuwa wakipigiana simu na kugombana kidogo, maana ndivyo walivyopendana. Mara simu ya Marcelina ikaharibika. Stanslaus aliipeleka kwa fundi mjini, na fundi huyo akawa wa ajabu kweli, kila ukimuuliza anasubiri spea. Marcelina akiomba simu ya mkwe wake, namba ya dada haipatikani.

"Mama mkubwa yuko Mwanza kwa mjukuu," Jenipher alimwambia huku anafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Kule mtandao unasumbuaga, mama."

Mwanza, jiji zima lile, likakosa mtandao! Marcelina alimtazama mkwe wake, akataka kuuliza, akaona aibu kwa niaba yake. 

Kisha ikaja ile safari ya harusi. Stanslaus na Jenipher walisema wanakwenda harusini Tarime, wakamwacha na Jeska siku mbili. Walirudi macho yamevimba, wakasingizia vumbi. Marcelina alisubiri waanze kusimulia bibi harusi alivaaje, nani alilewa, wali ulitosha au haukutosha. Hakuna aliyesimulia. Harusi gani hiyo ambayo watu wanarudi nayo kimya?

Hapo ndipo mwili ulipoanza kudai. Kichwa kilimgonga kisogoni tangu alfajiri. Vidole vilikufa ganzi akiwa ameshika kikombe. Moyo ulikuwa unakwenda mbio akiwa amekaa tu, hata kuku hajafukuza. Vidonge alikuwa akivimeza mbele ya Jenipher, akifungua mdomo kuonyesha kama mtoto, na bado kila akipimwa presha ilikuwa juu. Jenipher akamshuku kwamba anaiba chumvi, akauficha mkebe juu ya kabati. Masikini, laiti ingekuwa chumvi. Marcelina alikuwa akiogopa jambo moja tu, na aliogopa hata kulitaja kichwani mwake: kwamba dada yake amekufa na yeye ndiye peke yake asiyejua.

Siku ya kliniki alimkuta daktari mwingine, msichana mwenye sauti ya chini. Alimpima, akapima tena mkono wa pili, halafu akamwomba Jenipher asubiri nje.

"Mama, nyumbani kuna tatizo gani?"

"Hakuna kitu."

"Hata kidogo tu kinachokusumbua?"

"Daktari, nimekwambia. Hakuna kitu. Mimi nakaa mahali ambapo hakuna kitu kinachotokeaga."

Yule msichana aliweka kalamu chini. "Kuna mtu unamuwaza?"

"Dada yangu," Marcelina akasema, na moyo ukampiga mpaka akausikia masikioni.

"Nenda ukamwone, mama. Dawa nakuongezea, lakini kamwone."

Basi kesho yake Marcelina alijifunga kitenge, akamwambia Jenipher anakwenda kusali jumuiya. Uongo ulimtoka kwa ulaini. Atashangaa nani, wakati amekaa nyumba ya walimu wa uongo muda wote ule? Akapanda bodaboda hadi stendi, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshuka Bunda, anapandisha njia ya Kabasa kwa miguu, anapumzika, anapandisha tena. Njiani alikuwa akipanga atakavyomgombeza Nyamburi kwa kumtupa. Alitaka sana kumgombeza.

Matrida alikuwa uani anaanua nguo. Aligeuka, nguo zikamponyoka. Huyu ni binti ambaye tangu kipaimara hajawahi kuonekana bila kusuka, na sasa kichwa chake kilikuwa na nywele fupi, ndiyo kwanza zinaota baada ya kunyolewa, kama wanyolewavyo wafiwa.

"Mama mdogo! Karibu. Umekuja na nani? Mama hayupo, amesafiri, yuko..."

"Na nywele zako zimesafiri naye?"

 Matrida akakaa chini palepale juu ya nguo safi, akaanza kulia. Marcelina hakulia. Machozi aliyatafuta hakuyaona, kifua kilikuwa kimekauka na kichwa kinagonga. Alisimama pale uani akitazama. Turubai lilikwisha kushushwa zamani, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, waombolezaji wako makwao wanapalilia mihogo. Msiba wa dada yake ulikuwa umekwisha. Yeye ndiyo kwanza anafika.

"Nyanyuka," akasema. "Nipeleke ndani, unisimulie."

Kwao, mtu akifika msibani hupewa kiti, kisha hupewa maelezo: ugonjwa ulianzaje, alipelekwa wapi, alisema nini, alikata roho saa ngapi. Wafike watu mia, yatasimuliwa mara mia. Hayo ni haki ya mfiwa, na Marcelina alikuja kuidai haki yake.

Matrida alisimulia. Miguu ya mama ilianza kuvimba, halafu pumzi ikawa fupi. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi kulala kwenye chumba kile kile walichokuwa wamekaa sasa. Amezikwa Butiama, kwa wakwe zake, karibu na mumewe. Watu walikuwa wengi.

"Hakuniulizia?"

Matrida alitazama sakafu.

"Nakuuliza, mwanangu. Hakuniulizia?"

"Alikuwa anakuulizia kila siku, mama mdogo. Stanslaus alisema tusikwambie, presha itakuua, tutazika wawili. Sasa mama nimwambieje? Nimwambie umekatazwa? Angeona umemtupa." Alijifuta pua kwa kanga. "Nikamwambia ulikuja."

"Nilikuja lini?"

"Nilimwambia ulikuja akiwa amelala. Ukakaa kwenye hicho kiti, ukaogopa kumwamsha, ukarudi Musoma kuwahi gari."

Marcelina aligeuka kukitazama kiti. Kilikuwa cha mbao, cha kawaida, mto wake umebonyea katikati.

"Akasema nini?"

"Alikasirika kweli. Akasema, 'Marcelina? Aogope kuniamsha? Tangu tukiwa watoto alikuwaga ananiamsha kila akisikia fisi!' Halafu akacheka. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia hivyo hivyo, ulikuja amelala. Na siku nyingine tena." Matrida alinyoosha kidole ukutani. "Mwisho akawa hataki kulala, mama mdogo. Alikuwa anakaa ameegemea ukuta, macho kodo. Tukimlaza anaamka. Anasema akilala utakuja utapita tena. Daktari akasema mwili unachoka, lazima apumzike. Alikataa. Alikesha akikungoja mpaka nguvu zikamwisha."

Sijui ni dawa gani inayoandikiwa maneno kama hayo. Marcelina alikwenda akakaa kwenye kile kiti. Alikaa hasa, kwa uzito wake wote, akautazama ukuta alioegemea dada yake. Alikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, na hakujua aivunjie wapi, maana kila aliyemkosea alimkosea kwa kumpenda. Alijaribu kulia tena. Haikuwezekana. Kilio ni cha watu, na watu walikuwa wameshalia wakamaliza.

Simu ya Matrida ikaita. Matrida aliona jina, akataka kuizima. Marcelina akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka sikioni bila kusema kitu.

"Matrida," sauti ya Stanslaus ilikuwa inakimbia, "Mama ametoka nyumbani, jumuiya hawajamwona. Akifika huko mama mkubwa yuko Mwanza, umesikia? Usimwambie lolote, presha yake iko juu sana."

"Stanslaus."

Stanslaus aliitambua sauti.

"Umekaa au umesimama?"

"Mama... uko wapi? Mama, usi..."

"Kaa kwanza, mwanangu. Tafuta mahali ukae."

Alisubiri. Alisikia kiti kikiburutwa, na kwa mbali watoto wa shule wanakariri jedwali la kuzidisha. Akalainisha sauti, kama anavyofanya mtu mwenye adabu anapopeleka ujumbe mzito kwenye nyumba ya watu.

"Nina habari mbaya," akasema. "Mama yako mkubwa Nyamburi amefariki. Alianza kuvimba miguu, halafu pumzi. Alikuwa ananiulizia kila siku, na mimi sikuja. Alikesha akiningoja. Wamemzika Butiama. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Pole sana, baba."

 Stanslaus mwenyewe alikuwa amesimama kaburini siku ile, akatupa udongo wake, kisha akanawa uso na kurudi Bweri kusema ametoka harusini. Tangu hapo alikuwa akila mezani na mama yake kila jioni, akicheka, akisifia chai. Hakuna mahali alipopata kuuweka ule msiba.

Marcelina alimsikia akivuta pumzi, akiizuia, akiivuta tena. Halafu mtu mzima yule, mwalimu, mwenye ndevu zake, akaanza kulia kwenye simu kwa sauti, huku watoto wa shule wamenyamaza. Marcelina hakumwambia anyamaze. Aliishika simu kwa mikono miwili, akamsikiliza mwanawe akimlilia dada yake, na ndipo naye alipoanza kulia.