Upanga wa Minezawa

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, wanaume wa kijiji cha Minezawa, Japani, walianza upya kuutafuta upanga wa hekalu, na kila mwaka Bibi Otowa aliwachemshia chai. Walikwisha kung'oa sakafu na kupapasa dari. Mwaka mmoja walikausha kisima wakaambulia chura. Kabla ya kushika majembe walisimama mbele ya sanduku refu la mungu wa mlima, wakainama, wakapiga makofi ya sala, wakamwomba awaonyeshe ulipo. Sanduku lenyewe hawakuligusa. Kilichomo humo hakitazamwi na mtu, hata kuhani.

Upanga huo, kazi ya fundi wa enzi za mababu, ulitoweka baada ya vita, askari wageni walipopita vijijini wakikusanya panga. Mtunza hekalu alikuwa Kisaburo, mume wa Otowa. Aliwaambia hana upanga, wakaenda zao. Mwaka mpya ulipofika, nyumbani kwake kukapikwa maharage matamu wakati kijiji kizima kimesahau ladha ya sukari. Kabla theluji haijayeyuka, homa ya mapafu ikamchukua na siri yake.

Mzee Tokuhei, mkuu wa waumini, ndiye aliyetoa hukumu: Kisaburo ameuza upanga kwa sukari. Otowa alieleza kwamba sukari ile aliipata kwa kubadilishana na kimono, vazi lake la harusi. Nani alimsikiliza? Tangu hapo alitaka jambo moja tu, upanga uonekane, marehemu aache kuitwa Kisaburo Sukari.

Mwaka huu paa la hekalu lilivuja, ikabidi sanduku lihamishiwe ghalani, juu kidogo mlimani. Kuhani Shigemori alishika mbele, Tokuhei nyuma, kila mmoja ameuma karatasi nyeupe ili pumzi ya binadamu isimguse mungu. Kuitema njiani ni kumtukana. Otowa alifuata kando na ufagio wake.

Walipoanza kupanda ngazi, sanduku liliinama. Ubao wa nyuma, uliooza kwa maji ya mvua, ukaachia, na kitu cheusi chembamba kikateleza taratibu hadi kwenye kitambi cha Tokuhei. Ilikuwa ncha ya ala ya upanga, yenye nembo ya hekalu kwa rangi ya dhahabu.

Tokuhei alitoa macho. Akaguna kwa pua, akapandisha nyusi, akaanza kuisukuma ala irudi ndani kwa tumbo.

Otowa alimwonea huruma. "Tumbo hilo, Mzee? Jikaze, choo kiko pale pale ghalani."

Tokuhei akatikisa kichwa hadi mashavu yakacheza. Ndipo Otowa akaiona ala, akaketi kwenye ngazi.

"Kisaburo, mjanja wewe," alisema polepole. "Miaka yote hii wanauinamia."

Ghalani Tokuhei alitema karatasi. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Nilimkosea mumeo, Bibi Otowa," alinong'ona. "Nisamehe."

Otowa alijifuta machozi. "Mbona unaninong'oneza? Lile la sukari hukulinong'ona."

Jioni alikwenda kuoga kwenye bafu la kijiji, ambako ukuta kati ya wanaume na wanawake haufiki darini. Alijizamisha majini hadi shingoni, akamsikia Tokuhei upande wa pili akisimulia yote, mpaka pale aliposema Kisaburo hakuuza kitu.

"Mzee Tokuhei," Otowa aliita juu ya ukuta, "huku kuna walioingia sasa hivi. Anza tena."

Tokuhei akakohoa, akaanza tena.