Maji Yametiwa Dawa

Mama mkwe wangu haogopi mbwa, haogopi wezi, haogopi daktari mwenye sindano. Anaogopa maji ya watu. Miaka kumi na moja iliyopita alikunywa glasi moja ya maji njiani, akaishia kulazwa siku tatu ametundikiwa dripu, na tangu hapo hajaonja tone nje ya nyumba yake. Akija kwetu anakuja na chupa yake mkobani. Mimi nimekuwa fundi bomba miaka thelathini, nusu ya nyumba za mtaa huu zinapata maji kwa mikono yangu, halafu mama mkwe anakaa sebuleni kwangu na kunywa ya kwenye chupa. Nilinuna kama miaka minne hivi, kisha nikazoea.

Ubaya ni kwamba safari ile ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kumwona mdogo wake. Mdogo wake anaishi mwendo wa siku mbili kwa gari, magoti yamemgomea, hawezi tena kusafiri. Kila Jumapili mchana wanapigiana simu, na kila Jumapili yule bibi anamaliza kwa swali lilelile: "Dada, utakuja lini?" Mama anajibu, "Mungu akipenda," anakata simu, kisha anaitazama chai yake mpaka inapoa.

Nilipostaafu nikapata basi dogo kuukuu lililokuwa likibeba wafanyakazi wa kiwanda. Nikang'oa viti, nikaweka vitanda, jiko la gesi, sinki, kibafu ambacho ukiingia usivute pumzi sana, na tangi la maji la lita mia na hamsini chini ya kitanda. Mke wangu akaliita Kobe, kwa sababu linabeba nyumba yake mgongoni na kwa sababu, alisema, huo ndio mwendo wake. Siku lilipowaka kwa mara ya kwanza nilipandwa na kichaa cha furaha, nikatamka mbele ya watu: "Mama, tutakupeleka kwa mama mdogo. Utakunywa maji ya Kobe, na yatakuwa kama ya kwako."

Mama akanitazama juu ya miwani. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu maisha yake yote na bado anatazama hivyo.

"Nitayaonja, mkwe," alisema. "Nikiridhika, nakwenda. Nisiporidhika, jambo hili tusilizungumze tena."

Mkwe. Miaka ishirini na sita hajaniita vingine. Sisemi kwamba ni dharau, ni heshima yake hiyo, lakini wenzangu wote mama wakwe zao wanawaita mwanangu, hata yule jirani yetu ambaye hajui kubadili balbu.

Siku ya kuonja ikapangwa Jumamosi, saa kumi jioni. Wiki nzima nilikuwa chini ya Kobe. Watu hudhani maji yakiingia kwenye tangi basi kazi imekwisha. Maji yakilala wiki mbili tatu kwenye tangi yanaota utelezi, na utelezi ule unaingia kwenye mipira na kukaa humo kama mpangaji. Nilipofungua koki ya chini, maji ya kwanza yalitoka na harufu ya soksi. Mke wangu alichungulia dirishani akauliza kama nimekufa.

"Bado!" nikamjibu.

"Basi kuna kitu kimekufa, kakitafute."

Jumamosi asubuhi nikafanya kazi yenyewe. Nikamwaga kila kitu. Nikachomoa chujio, maana klorini kali inaliharibu. Nikapima vijiko kumi vya klorini ile isiyo na sabuni wala manukato, nikavikoroga kwanza kwenye ndoo ya maji, nikamimina tangini, nikajaza tangi mpaka juu kwa mpira mweupe ambao hauruhusiwi kugusa kitu kingine chochote, hata maua. Kisha nikawasha pampu na kufungua bomba la sinki mpaka niliposikia harufu ya klorini, nikafunga. Bomba la bafu, vivyo hivyo. Hapo maji yanaachwa kwa muda wa saa nne au tano yatafune uchafu wote mpaka kwenye pembe za mipira, halafu yanamwagwa, na tangi linasuuzwa mara tatu. Mtu hanywi maji yale. Ni makali, yanakausha ulimi.

"Weka tangazo," mke wangu akasema. "Nakujua. Utasahau utajipikia chai."

Nikachukua kipande cha boksi na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa, nikakibandika juu ya sinki: MAJI YAMETIWA DAWA. Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama mwandiko wangu. Ulikuwa umenyooka kweli.

Mke wangu akarudi ndani ya nyumba kushona mapazia ya Kobe, na mashine yake ile ikianza kuunguruma hata mwizi akibisha hodi hasikii. Mimi nikagundua kwamba chujio jipya nililonunua halikuwa la saizi yangu, nikaenda duka la vifaa kulibadilisha. Kulikuwa na foleni, na muuzaji alitaka kunieleza mambo ya machujio, mimi! Tukabishana kidogo. Nikarudi saa sita na nusu.

Mlango wa Kobe ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye meza ndogo, mkoba mapajani, amevaa nguo ya kutokea. Birika lilikuwa jikoni, bado linatoa mvuke. Mbele yake kulikuwa na kikombe na glasi, vyote vitupu.

"Shikamoo, Mama," nikasema, macho yangu kwenye ile glasi.

"Marahaba, mkwe. Nimekuja mapema, nyumbani hakukaliki. Nimeshaonja." Akafuta midomo kwa leso, taratibu. "Yanafaa. Tutakwenda."

Miaka kumi na moja nilikuwa nasubiri maneno hayo, na yalipokuja nikabaki nimesimama na chujio mkononi kama mtoto aliyevunja sahani. Harufu ya klorini ilikuwa imejaa humo ndani. Macho ya Mama yalikuwa yanalengalenga machozi, na sikujua ni furaha au ni dawa.

Mkwe hamwambii mama mkwe, "Umekunywa maji ya kusafishia tangi." Sina mdomo wa kusemea hayo. Nikaomba radhi, nikakimbia ndani nikachomoa waya wa cherehani ukutani.

"Mama yako kaonja," nikamwambia mke wangu.

"Kaonja nini? Hujasuuza!"

"Ndiyo hivyo hivyo."

Akaruka kutoka kwenye kiti na uzi shingoni. Tulipofika kwenye Kobe, yeye hakuwa na heshima ya kumzuia. "Mama, umekunywa vingapi?"

"Viwili. Kikombe kimoja cha chai, na glasi moja ya maji matupu. Ya pili nilitaka nihakikishe."

"Mama! Maji yale ni ya kusafishia! Si ya kunywa! Tangazo hilo hapo!"

Mama akageuka akalitazama tangazo langu, kisha akanitazama mimi, juu ya miwani. "Imeandikwa yametiwa dawa."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Miaka thelathini na tano nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia: msinywe maji mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Leo nimekuta yametiwa dawa, na juu ya hapo nikayachemsha. Sasa kosa langu ni lipi?"

Kweli, mtu yeyote anayejua kusoma angefungua bomba akanywa. Ni mimi tu, fundi mzima, niliyeandika "karibuni" nikidhani nimeandika "hatari".

Tukampigia simu binti wa shemeji yangu, ambaye ni nesi. Aliuliza niliweka klorini kiasi gani, nikamwambia vijiko kumi kwa tangi zima. Nikamsikia akicheka huku ameziba simu. Akasema kwa vipimo hivyo haitamdhuru Bibi, labda koo liwashe na tumbo ligune, anywe maji safi ya kutosha, tumwangalie mpaka kesho, na akitapika tumpeleke hospitali mara moja. Mama akatoa chupa yake mkobani akaanza kunywa bila kutuangalia.

Mke wangu akanivuta pembeni. "Safari imekufa," akasema kwa sauti ya chini. "Tumbo lake likiuma leo, hata kidogo, hatapanda gari tena maisha yake." Alikuwa anakaribia kulia, na mimi pia. Tangi lote lile nililifunga kwa ajili ya bibi mmoja tu.

Kuna jambo lilikuwa linanikwaruza. Mke wangu alipoingia ndani kumtandikia Mama kitanda, nikakaa kwenye ngazi ya Kobe, nikamuuliza bila kumtazama, maana hivyo ni rahisi zaidi.

"Mama, maji yale yanaunguza ulimi. Ilikuwaje ukasema yanafaa?"

"Nilidhani ndiyo maji yenyewe ya safari," akasema. "Kikombe cha kwanza niliona dunia inazunguka. Nikasema, basi, ndiyo haya. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, nitayazoea. Mdogo wangu ana miaka sabini na tisa, mkwe. Kila Jumapili naogopa simu itapokelewa na mtu mwingine." Akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena. "Halafu nilikuona wiki nzima umelala chini ya gari hili, ukitoka suruali haina magoti. Ningeanzia wapi kukuambia yananuka?"

Nilisema nakwenda kumwaga tangi. Nilikuwa nakwenda kweli, lakini pia sikutaka anione.

Nilisuuza mara tano, si tatu. Nilijaza, nikawasha pampu, nikafungua mabomba yote, nikamwaga, nikajaza tena, mpaka nilipoweka pua kwenye bomba la sinki nikasikia harufu ya bomba tu. Nikaweka chujio jipya. Jua lilipozama mgongo wangu ulikuwa umekataa kunyooka. Usiku Mama alilala kwetu, nasi tukawa tunasikiliza mlango wa choo. Haukufunguliwa hata mara moja.

Jumapili mchana, kabla ya saa ya simu, Mama akatoka mwenyewe akapanda Kobe. Mimi na mke wangu tukamfuata kama wanafunzi. Akachukua glasi, akafungua bomba la sinki, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanusa, akanywa nusu. Akamaliza nusu iliyobaki.

"Hayana ladha yoyote," akasema.

"Ndivyo yanavyotakiwa, Mama."

"Najua yanavyotakiwa." Akabandua tangazo langu ukutani, akatoa kalamu nyekundu mkobani. Nani anatembea na kalamu nyekundu miaka ishirini na zaidi baada ya kustaafu? Akaongeza chini: YASINYWEWE. Pembeni akaandika nne juu ya kumi, na kwa herufi ndogo: *Mwandiko mzuri. Ongeza bidii.* Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Simu ikalia. Mama huwa anaiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio, kwa hiyo tulisikia yote: salamu, magoti, mvua, jirani aliyehama. Kisha lile swali.

"Dada, utakuja lini?"

"Alhamisi naondoka. Ijumaa jioni nipo mlangoni kwako."

Yule bibi akaanza kulia na kuongea kwa pamoja, kwamba atachemsha maji, atachemsha mara mbili, atayaweka kwenye chombo chenye kifuniko, Dada asiwe na wasiwasi.

"Acha kujisumbua," Mama akasema. "Maji nakuja nayo. Mwanangu kayatengeneza."

"Mwanao? Mwanao yupi? Wewe si umezaa mabinti watupu?"

"Huyu ninaye siku nyingi," Mama akasema, akiangalia nje ya dirisha. "Nilikuwa tu sijamwita."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikasema kwamba kuna koki chini ya gari inabidi niikaze, nikatoka, nikalala chali chini ya Kobe na spana mkononi. Koki ilikuwa imekazwa tangu jana.