Chumba cha Kujibana

Usiku wa kuamkia safari yake ya Dar es Salaam, Lusajo aliota kwamba ameshafika.

Alikuwa amemaliza chuo miezi minne nyuma, shahada ya upimaji ardhi, na pale Mbeya kila ofisi aliyobisha hodi ilimwambia aache namba ya simu. Akiba yake ingemtosha miezi mitatu, mradi asiizoee nyama. Rafiki yake wa chuo, Ambokile, aliyetangulia Dar mwaka jana, alikuwa amemwambia, "Wewe njoo tu, kaka. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana." Na mama yake, wakati wa chakula cha jioni, akarudia kwa mara ya tatu, "Mji ule hauna huruma, mwanangu. Ujibane."

Katika ndoto hakupanda basi. Alifungua mlango wa jiko la mama yake ili akachote maji, akakanyaga mchanga wa moto wa Mbagala. Alipogeuka, jiko halikuwepo. Palikuwa na ukuta, kwenye ukuta mlango, na kwenye mlango kufuli kubwa la shaba.

"Umechelewa," kufuli likasema. "Mimi ndiye dalali."

Lusajo akalisalimia, kwa kuwa alilelewa kumsalimia kila mtu ugenini. "Habari za kazi?"

"Za kuhangaika. Unataka chumba cha bei gani?"

"Cha chini kabisa."

"Kipo. Sharti ni moja tu, ukae kwa kujibana." Likafunguka lenyewe, kwa mlio kama wa mtu anayealisha vidole.

Ndani mlikuwa na taa moja, dirisha moja na harufu ya rangi mbichi. Lusajo akatoa futi yake mfukoni, akapima. Mita tatu kwa tatu. Akapima tena kuhakikisha, kama alivyofundishwa chuoni. Mita mbili na nusu.

Anadhani amekosea. Anapima mara ya tatu. Futi inasoma mita mbili na sentimita kumi, kisha inamwambia kwa sauti ya chini, "Bora uache. Kila ukinikunjua, chumba kinajua kwamba nafasi bado ipo."

"Kaka," sauti nyingine ikaita. "Angalia usinikanyage."

Anaangalia chini. Ambokile amekaa juu ya kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Urefu wake ni kama kidole cha shahada. Amevaa shati jeupe na tai, vimepigwa pasi vizuri, kwa sababu ana usaili saa nne.

"Ambokile! Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Nimejibana tu." Akafuta vumbi kwenye kiatu chake. "Mwezi wa kwanza niliacha chai. Ukuta ukasogea kidogo. Nikaacha chakula cha mchana, ukasogea tena. Nikaacha kutembelea watu, maana kutembea ni nauli. Mwezi wa tano nikajaribu kulala ndani ya droo, nikaenea vizuri kabisa. Ukizoea haiumi."

"Mbona kwenye simu hukuniambia?"

"Uliniuliza maisha vipi, nikasema poa. Uliniuliza tena?"

Hofu ilimwanzia Lusajo kwenye nyayo. Alipotaka kujifuta jasho, aliona mikono ya shati lake imeshazifunika ncha za vidole.

Bi Hadia, mwenye nyumba, akaingia bila mlango kufunguka. Alikuwa mama wa makamo, khanga imemkaa vizuri, mkononi sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, mama," Lusajo akasema.

"Marahaba, baba. Karibu sana. Umekula?"

"Bado, mama."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo." Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni kama fundi cherehani. "Wewe tutakuanzisha kwenye kiberiti. Mwenzako anahamia tundu la ufunguo, ameshafikia kimo chake. Kesho napokea wengine watatu, ndio wanatoka chuo."

"Na baada ya tundu la ufunguo, mama?"

"Baada ya hapo hatudai kodi tena," Bi Hadia akasema kwa upole. "Huwa hatuwaoni."

"Wazazi wao je?"

"Wanapiga simu. Simu inaita. Tunaipunguza sauti."

Lusajo akamtazama rafiki yake. Ambokile alikuwa akitabasamu, lile tabasamu la kwenye usaili, na akiikaza tai yake.

Lusajo anainama. Anamchukua Ambokile kwa vidole viwili, anamtia kwenye mfuko wa shati. Papo hapo kuta zinaanza kutembea. Anaikunjua futi, anaikaza kati ya ukuta na ukuta.

"Mimi ni ya kupimia," futi inalalamika. "Mimi si nguzo."

"Shikilia hivyo hivyo."

Futi inapinda. Mlango sasa unamfikia magotini. Anatambaa, kichwa kinapita, mabega yanakwama. Kuta zinamgusa nyayo, na ni za moto kama mtu mwenye homa.

"Toa pumzi yote," kufuli linamnong'oneza sikioni. "Na usishukuru. Ukishukuru, umekubali chumba."

"Baba," Bi Hadia anaita nyuma yake, "vitumbua vyako hivi, unaviacha?"

Na Lusajo, kwa malezi aliyolelewa, anafungua kinywa aseme asante. Neno limeshafika kwenye meno. Ambokile anampiga teke kifuani, dogo kama mpigo wa saa. Lusajo anafunga mdomo, anatoa pumzi mpaka ya mwisho, anapita.

Aliamka sakafuni, blanketi limemzonga miguu, baridi ya Mbeya ikipenya chini ya mlango.

"Lusajo! Saa kumi na moja hii, gari litakuacha!"

"Nimeamka, mama."

Hakugusa begi. Alimpigia Ambokile. Simu iliita muda mrefu.

"Kaka, mbona mapema hivyo? Umeshapanda gari?"

"Bado. Wewe uko vipi?"

"Poa tu."

Kidogo Lusajo aishie hapo. "Nakuuliza tena," akasema. "Uko vipi?"

Ambokile akasema taratibu, "Sijala tangu juzi. Sikutaka ujue." Akakohoa. "Halafu kuna kitu hapa, utanicheka. Nimetaka kuteremka kitandani, hapapitiki. Kitanda kinagusa kuta zote mbili. Jana hapo palikuwa na ndoo na jiko la mkaa."

Lusajo hakucheka. "Mlango unafunguka?"

Kitasa kilisikika. "Nusu."

"Acha kila kitu. Pita sasa hivi."

Kwenye simu alimsikia Ambokile akivuta pumzi, kisha akiitoa yote. Kitambaa kilichanika. Halafu ikaja sauti ya uani, ufagio na kuku.

"Nimetoka," Ambokile akasema, akihema. "Kaka, mbavu zangu. Nini hiki?"

"Nisubiri stendi jioni," Lusajo akasema, na sasa ndiyo akavuta begi lake kutoka uvunguni. "Mtu akikupa chakula njiani, kula. Ila usishukuru."