Picha ya Kulinganishia

Kila Jumatatu, kabla mteja hajabisha hodi, fundi wa picha huvuta pazia la duka lake, huwasha kompyuta na kuacha kioo kipate moto nusu saa. Kisha hutundika mbele yake kidude cha kupimia rangi, kinaning'inia kwa waya kama panya aliyeshikwa mkia, nacho hupima wekundu, kijani na buluu mpaka kiridhike. Mwisho hufungua picha ya mdogo wake, aliyompiga wiki moja kabla hajaolewa. Ngozi ile anaijua kuliko yake mwenyewe. Ikitoka sawa, kazi inaanza.

Jumatatu moja picha ilitoka na alama za vidole vinne shingoni.

Akapima upya. Vidole vikabaki, vyekundu. Alhamisi vikawa zambarau, Jumatatu iliyofuata kijani, na jicho la kushoto sasa lilikuwa limevimba. Fundi si mtu wa kupayuka. Alipiga simu.

"Jicho linaendeleaje?"

"Nimejigonga kabatini, dada." Mdogo wake hata hakuuliza amejuaje. "Wewe nawe, huna kazi?"

"Na shingo? Nayo kabati?"

Simu ikakatwa.

Roho ilimuuma fundi, jamani, ikamuuma kwelikweli. Alitandika kitanda cha wageni, akamwita mama yao dukani. Mdogo wake hatoki kwa mume bila neno la mama; mama akisema njoo, atakuja siku hiyo hiyo.

Mama alivaa miwani, akaiinamia picha. "Hii ya kijani inapona," alisema. "Ya jicho ndiyo mbichi."

"Mwambie arudi, mama. Chumba kipo."

"Arudi, watu waseme nini? Shemeji yako anamlisha, anamvisha. Na wewe toa picha hiyo, unajitafutia presha ya bure. Weka yangu."

Fundi akafungua picha ya mama, ya kitambulisho, ya mwaka jana tu. Shavu lilikuwa kijani, na bega lina rangi ya manjano iliyochuja. Baba yao alifariki miaka tisa iliyopita.

"Hizo hazibadiliki tena," mama alisema, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa.

Na kweli hazikubadilika. Mwezi ukapita, kijani ni kile kile. Picha ya kulinganishia haitakiwi kubadilika, basi hiyo ndiyo ikawa picha. Tangu duka lifunguliwe rangi hazijawahi kutoka safi namna ile, na wateja wanasifu.

Ya mdogo wake aliifungua tena mara moja tu. Mdomo ulikuwa umepasuka, mwekundu. Alipiga simu kwa mama, mama akasema anajua, naye fundi akaifunga picha.

Kila Jumapili fundi hubadilisha shuka za kitanda cha wageni, ingawa hakuna aliyezilalia.